NYUMBA YA KAZI SI NYUMBA YA MAISHA: HAKI NA WAJIBU WA MPANGAJI

(Maneno ya hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri ya Tawi mbele ya wanachama. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Twawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku na hamjalala bado. Leo hatukusimama kusema habari za mshahara, bali habari za mahali unakokwenda mshahara. Mwisho wa mwezi, kabla ya unga, kabla ya karo na nauli, kuna mtu anayengoja mlangoni. Huyo ni mwenye nyumba au ajenti wake. Wengine kati yetu hawana mtu wa kungoja mlangoni, maana wanakaa katika nyumba za tajiri, na kwa hiyo wanadhani jambo hili haliwahusu. Tutaonyesha kwamba hao ndio linawahusu zaidi.

KWA NINI CHAMA KINASEMA HABARI ZA NYUMBA

Kuna watu wasemao kwamba chama cha wafanya kazi kishughulike na kazi tu, na mambo ya nyumba yaachiwe wengine. Hao hawajui tulikotoka. Mgomo wa Mombasa wa mwaka 1939 ulipoanza, posho ya nyumba ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyodaiwa na wafanya kazi. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya, ilisema wazi kwamba mshahara wa mjini ulikuwa ukihesabiwa kama kwamba mfanya kazi ni mtu peke yake, hana mke wala mtoto. Ikataka uhesabiwe kwa mtu pamoja na jamaa yake. Mtu peke yake aweza kulala kitanda kimoja katika chumba cha watu wanne. Mtu na jamaa yake hawezi. Kwa hiyo neno la mshahara na neno la nyumba yalikuwa neno moja tangu zamani.

Na sheria ya leo yasema hivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe kila mfanya kazi nyumba ya kufaa, mahali pa kazi au karibu nayo, kwa gharama ya mwajiri mwenyewe. Au amlipe, juu ya mshahara wake, fedha za kutosha kupata nyumba ya kufaa. Wale walio chini ya Amri ya jumla ya mishahara, wasiopewa nyumba, posho yao ni asilimia 15 ya kima cha chini cha mshahara. Yaani kama kima hicho ni shilingi 10,000, posho ya nyumba ni shilingi 1,500 juu yake, si ndani yake.

Lakini sikilizeni vizuri. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba kama barua yako ya kazi, au mapatano ya chama na mwajiri, yanaonyesha kwamba fedha za nyumba zimekwisha kuchanganywa katika mshahara, basi huwezi kudai tena. Wako watu waliotia sahihi barua namna hiyo bila kusoma. Kwa hiyo kazi ya kwanza ukifika nyumbani leo ni kuitafuta barua yako ya kazi na kuisoma. Kama huielewi, mletee mwakilishi wetu.

NYUMBA ZETU NI ZA NAMNA TATU

Wanachama wetu wanakaa katika nyumba za namna tatu. Kuna nyumba ya kazi, ambayo ni mali ya tajiri. Kuna nyumba ya kupanga, yaani chumba katika ploti ya mtu. Na kuna nyumba ya kununua polepole, ambayo unalipa kila mwezi mpaka iwe yako. Kila moja ina sheria yake, na hasara kubwa huwapata watu wanaochanganya moja na nyingine.

NYUMBA YA KAZI

Nyumba ya kazi ina utamu wake. Iko karibu, hakuna nauli, na mara nyingi hakuna kodi. Watoto huzaliwa humo na kukua humo. Baada ya miaka ishirini mtu huanza kusema "nyumbani kwangu", na hapo ndipo kosa linapoanza.

Sheria ya kuzuia kodi za nyumba, iliyotungwa mwaka 1959, ambayo ndiyo ngao ya wapangaji wadogo, yasema katika maneno yake ya mwanzo kabisa kwamba haihusu nyumba aliyopewa mtu kwa sababu ya kazi yake. Kazi ikiisha, sababu ya kukaa imekwisha. Ikiwa umestaafu, umepunguzwa, umefukuzwa, au umekufa, ni mamoja. Mjane na watoto wanaobaki hawana mapatano yao wenyewe na tajiri. Walikuwa humo kwa jina la marehemu.

Tutazameni jambo la Muthurwa, Nairobi. Mtaa ule ulijengwa na Reli kwa ajili ya wafanya kazi wake. Mwaka 2006 ulitiwa katika mali ya mfuko wa pensheni wa wafanya kazi wa Reli, ili mali hiyo isaidie kulipa wastaafu. Mwaka 2010 wapangaji waliokuwamo, miongoni mwao watu waliokuwa wa Reli, wakapewa notisi ya siku 90 wahame, na mwezi wa Julai mwaka ule ule nyumba zikaanza kubomolewa. Wapangaji wakaenda Mahakama Kuu kwa kesi namba 65 ya mwaka 2010. Korti ikazuia ubomoaji, na hukumu ikatoka tarehe 30 Agosti 2013.

Hukumu hiyo ina mafundisho mawili, na watu wengi hulikumbuka moja tu.

La kwanza: korti iliona kwamba haki za wapangaji zilivunjwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata makao ya kufaa na usafi wa kufaa. Hata mwenye haki ya kuichukua nyumba yake hana haki ya kuwatupa watu nje kama takataka. Sharti awape notisi ya kutosha, azungumze nao kweli kweli, na mambo yafanywe kwa utu. Jaji akaitaka na Serikali ionyeshe ina mpango gani juu ya kuhamisha watu, maana nchi haikuwa na sheria kamili ya jambo hilo.

La pili: korti haikusema kwamba nyumba zile zimekuwa mali ya wapangaji. Haikusema watakaa milele. Iliwataka pande zote mbili wakae pamoja wapange namna ya kuhama. Kukaa miaka mingi hakukuifanya nyumba ya kazi kuwa nyumba ya maisha.

Na tulitazame jambo hili kwa macho ya wafanya kazi. Mwenye nyumba pale hakuwa tajiri mwenye tumbo kubwa. Ulikuwa mfuko wa wastaafu. Upande mmoja kulikuwa na mzee wa Reli anayengoja pensheni yake, na upande wa pili kulikuwa na jamaa anayeambiwa atoke. Wote ni watu wetu. Mambo yakiachwa mpaka siku ya tingatinga, mfanya kazi hushindana na mfanya kazi mwenziwe, na hakuna atakayeshinda bila mwingine kuumia. Dawa yake ni kuyapatana mapema, wakati watu wote wangali kazini na chama kingali na nguvu mezani.

Kwa sababu hiyo Halmashauri imeazimia kwamba katika mapatano yajayo na mwajiri tutaweka madai haya manne:

1. Mfanya kazi akistaafu au akipunguzwa, asitakiwe kutoa ufunguo kabla ya kulipwa haki zake zote. Sheria ya Ajira yataka chama na ofisa wa kazi wapewe taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kupunguza watu, na mtu alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Lakini habari za ufunguo haikuzitaja. Hizo ni zetu kuziandika.

2. Mwanachama akifa, jamaa yake wakae katika nyumba kwa muda ulioandikwa, si kwa huruma ya meneja. Twapenda muda huo uwaruhusu watoto kumaliza muhula wa shule.

3. Nyumba ikikabidhiwa, na ikirudishwa, iandikwe hali yake, nakala moja kwa mfanya kazi, ili asikatwe fedha kwa dirisha alilolikuta limevunjika.

4. Nyumba zikitaka kuuzwa au kubomolewa, chama kiambiwe kwanza, si wapangaji wasome karatasi mlangoni.

NYUMBA YA KUPANGA

Sasa tuje kwa wale wanaopanga kwa watu, ambao ndio wengi.

Ile sheria ya mwaka 1959 iliweka Baraza la Kodi za Nyumba. Nyumba iliyo chini yake, kodi yake haipandishwi kwa mapenzi ya mwenye nyumba peke yake, na mpangaji hatolewi ila kwa sababu zilizotajwa na kwa amri. Ni makosa kumsumbua mpangaji kwa kusudi la kumhamisha au kumlipisha zaidi. Ni makosa pia kudai pesa za kilemba juu ya kodi, yaani za kununua ufunguo. Lakini sheria hii ina mpaka. Yahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida, kama sheria inavyoihesabu, haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpaka huo haukupanda pamoja na bei za vitu, na kwa hiyo vyumba vingi vya leo viko nje yake. Usitishe mtu na Baraza kabla ya kujua kama nyumba yako imo.

Je, aliye nje ya mpaka huo hana haki? Anazo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatia mambo kadha ndani ya mapatano ya kupanga, hata kama hayakuandikwa. Mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani maadamu analipa na kutimiza yake. Nyumba ya kukaa watu iwe yafaa kukaa watu, mwanzo hata mwisho. Ukiwa umepanga chumba katika jengo kubwa, paa, kuta za nje na mifereji mikubwa ni juu ya mwenye jengo. Na ukilipa mwezi kwa mwezi, notisi ya kuhama haipungui mwezi mmoja, na inakwisha siku ya kulipa kodi. Hiyo ni kwa pande zote mbili: yeye akupe, nawe umpe.

Tunasikia kila juma habari za kufuli la pili mlangoni, mlango uliong'olewa, mabati yaliyotolewa mama akiwa sokoni. Mambo haya hayafai kuitwa sheria. Maadamu mpangaji angali ndani, njia ya kumtoa ni korti. Na kama ni deni, mwenye nyumba aweza kukamata mali kwa ajili ya kodi, lakini kwa mkono wa dalali mwenye leseni, si kwa vijana wa kukodi wanaobeba godoro na televisheni usiku. Mtu akija, mwombe karatasi zake, andika jina lake, usipigane naye, umwite mwakilishi wetu na jirani wawili wawe mashahidi.

Hapo twasikia mtu akinong'ona kule nyuma: "Nikidai risiti nitafukuzwa." Ndugu, wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mpangaji asiye na karatasi, mbele ya hakimu ni mtu anayesimulia hadithi. Siku hizi wengi hulipa kwa simu. Ni vizuri, maana ujumbe wa simu ni ushahidi, lakini simu huibiwa. Nunua daftari ya shilingi chache. Andika tarehe, kiasi, mwezi uliolipiwa, namba ya chumba, na namba ya ule ujumbe. Ukilipa taslimu kwa mwangalizi wa ploti, mwombe aandike sahihi humo humo. Akikataa, lipa mbele ya mtu mwingine. Na ile amana uliyotoa siku ya kuingia, iandikwe ni kiasi gani, ni ya nini, na itarudishwa lini.

WAJIBU WETU

Ndugu, tungetaka kuishia hapo na kupigiwa makofi. Lakini haki ina pacha wake, na pacha huyo ni wajibu. Sheria ile ile ya Ardhi inayomfunga mwenye nyumba inatufunga na sisi.

Kwanza, lipa kodi siku yake. Usizuie kodi kwa sababu paa linavuja. Ukizuia, umemwachia mwenye nyumba neno moja tu la kusema kortini, "halipi", na paa litasahauliwa. Lipa, kisha andika barua juu ya paa, weka nakala, halafu uende mbele: kwa Baraza kama nyumba yako imo, au kwa korti.

Pili, toa habari ya uharibifu mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bomba linalotona likiachwa miezi mitatu hubomoa ukuta wa jirani, na hapo kila mtu atasema ni kosa lako.

Tatu, usimpangishe mtu mwingine chumba bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Ndugu kutoka bara akija kutafuta kazi ni mgeni, mkaribishe. Lakini ukipokea fedha kwake kila mwezi, umekuwa mwenye nyumba bila nyumba, na umetoa sababu ya kufukuzwa wewe naye pamoja.

Nne, mruhusu mwenye nyumba kukagua kwa saa za kufaa. Mali ni yake. Lakini apige hodi.

Tano, stima ya kuiba. Waya uliovutwa kutoka kwa nguzo kupitia juu ya mabati haupunguzi gharama. Unaweka moto juu ya vitanda vya watoto wa watu kumi. Mwanachama anayefanya hivyo asije kwetu kutaka kutetewa.

Sita, kuhama usiku. Yuko mtu anayekaa miezi mitatu bila kulipa, kisha usiku wa manane anapakia vitu mkokoteni. Anajiona mjanja. Kesho yake mwenye ploti anadai amana ya miezi mitatu kwa kila anayekuja, na anayekuja ni mfanya kazi mwenziwe. Ukikosa kazi au ukiugua, nenda ukaseme mapema, uandike mapatano ya kulipa kidogo kidogo. Wenye nyumba wengi nao ni watu waliostaafu, wanakula kwa kodi hiyo hiyo.

NYUMBA YA KUNUNUA POLEPOLE, NA NYUMBA YA MAISHA

Tangu Machi 2024, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, kila mfanya kazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri anatoa kiasi kama hicho. Watu wanatuuliza: kwa kukatwa hivyo, je, nina nyumba? Jibu ni hapana. Kukatwa ni kukatwa. Nyumba huombwa mbali, na hulipiwa mbali. Ukiipata kwa mpango wa kulipa kila mwezi, soma maneno matatu kabla ya kutia sahihi. Nikishindwa kulipa miezi michache, ninapoteza nini? Nikifa, nani anaendelea? Na karatasi ya umilikaji hutolewa lini?

Mwanachama mmoja alituuliza kama hakuna nchi ambako mzee hupewa nyumba ya kukaa mpaka kufa. Iko. Huko Kanada kuna nyumba za wazee ambazo mtu hulipa fedha nyingi mara moja anapoingia, kisha hulipa kiasi cha kila mwezi kwa matengenezo, naye hupata haki ya kukaa mpaka afe au ahame mwenyewe. Nyingi huendeshwa na jumuiya zisizotafuta faida, na jimbo la Manitoba lina sheria yake maalum juu yake. Lakini tazameni: hata huko, haki ya maisha haikutoka katika mazoea wala huruma. Imeandikwa. Na imeandikwa pia ni nani hutengeneza paa, ni kiasi gani kinarudi mtu akiondoka, na ni nini hutokea wale wanaoendesha wakifilisika. Mzee asiyesoma aweza kupata hasara huko kama hapa.

Sisi hatuna nyumba za namna hiyo katika mitaa yetu ya wafanya kazi. Kwa hiyo kila mmoja wetu ajiulize, akiwa na miaka arobaini, si hamsini na tisa: siku ya kutoa ufunguo nitakwenda wapi? Aliye na kijiji, aanze kujenga chumba kimoja sasa. Asiye na kijiji, ajiunge na wenziwe katika ushirika wa akiba. Na anayekaa nyumba ya kazi bila kulipa kodi, ajifanye kana kwamba analipa, aweke fedha hizo kando kila mwezi.

MAMBO YA KUFANYA KUANZIA JUMA HILI

Mwakilishi wa kila idara amepewa orodha. Ataandika nani anakaa nyumba ya kazi, nani anapanga, nani analipa nyumba ya kununua. Mletee barua yako ya kazi, na kama unapanga, daftari lako la kodi. Wapangaji wa ploti moja walio wanachama wetu wachague mtu mmoja wa kusema nao, ili barua juu ya choo au maji iwe na majina kumi, si jina moja. Barua ya mtu mmoja hutupwa. Barua ya watu kumi husomwa mpaka mwisho.

Wenye notisi za kuhama mikononi sasa hivi wasiondoke katika ukumbi huu kabla ya kuonana na Katibu. Yuko pale mezani kando ya mlango, naye atakaa mpaka mtu wa mwisho.

Umoja ni nguvu.